Kwa akina kaka mnaofungwa rakhi: fungu la dada yako si mali yako

Wanangu,

Nawaandikia nikiwa na uchungu. Siku ya mwezi mpevu wa Shravan, mwezi wa kalenda ya Kihindu, kaka anaketi, ananyoosha mkono wa kulia, anafungwa na dada yake rakhi, uzi wa kinga, na kuahidi kumlinda. Sinia halijaoshwa bado, karatasi zinatolewa. "Dada, weka sahihi hapa, ni utaratibu tu." Utaratibu gani? Karatasi ile ni hati ya kuachia fungu lake katika shamba na nyumba ya baba. Rajasthan, jimbo la India, wanaiita hak tyag, na imezoeleka mno hata dada anayekataa kusaini ndiye anayeonekana mkorofi. Ninyi wa Mombasa na Dar es Salaam wenye ardhi ya ukoo kule India, msidhani nasema na wengine.

Mambo ya sinia mnayajua sana. Kumkum, ule unga mwekundu, mnaichanganya na matone machache ya maji, kwa sababu ikiwa majimaji inachuruzika hadi puani na mchele haushiki kwenye paji la uso. Punje za mchele mnachagua zisizovunjika. Taa ni ya samli, kaka anaelekea mashariki, kichwa kimefunikwa kwa leso, uzi unapigwa mafundo matatu, kisha analishwa mithai. Na saa mnaigombania kweli kweli! Nusu ya kwanza ya siku ya mwezi mpevu ni bhadra, kipindi cha nuksi, haifai kufunga, basi simu hazitulii. Mwaka 2024 bhadra iliisha saa saba na nusu mchana kwa saa za India. Huku kwetu ilikuwa saa tano asubuhi, maana lazima mtoe saa mbili na nusu. Wengi hawatoi, wanasubiri bure huku watoto wana njaa.

Uangalifu wote huo ni mwema. Lakini maneno yenyewe yanayosomwa wakati wa kufunga, nani kati yenu ameyasikiliza? Yanasema hivi: kwa uzi uleule uliomfunga Mfalme Bali, jabari wa asura, mahasimu wa miungu, nakufunga wewe, ewe kinga, usitikisike, usitikisike.

Mfalme Bali alikuwa ameitiisha dunia na mbingu. Mungu Vishnu akamjia kwa umbo la Vamana, Brahmani mfupi, yaani mtu wa tabaka la makuhani, akaomba ardhi ya hatua tatu tu. Shukracharya, guru wa mfalme, akamtambua mgeni ni nani, akamwonya mfalme alirudishe neno lake kabla mambo hayajaharibika. Mfalme akakataa, kwa kuwa alikwisha kutamka. Hatua ya kwanza ikachukua dunia, ya pili mbingu, ya tatu ikakosa pa kukanyaga, akainamisha kichwa chake kikanyagwe. Baadaye Vishnu akakaa mlangoni kwake kuzimu kama bawabu, na Lakshmi, mke wa Vishnu, akaenda kumfunga mfalme uzi, akamfanya kaka, akamwomba amwachie mumewe arudi nyumbani. Mfalme akatoa tena.

Basi mnafungwa kwa jina la mtu aliyetoa ardhi kwa sababu alisema atatoa, kisha mkono huohuo unachukua ardhi ya aliyeufunga. Mnaona haya au hamuoni?

Msiniambie hamjui sheria. Sheria ya Urithi ya Wahindu ya 1956 ilirekebishwa kuanzia tarehe 9 Septemba 2005, na binti akawa mshirika wa mali ya ukoo kwa kuzaliwa, sawasawa na mwana wa kiume. Tarehe 11 Agosti 2020 Mahakama ya Juu ya India ikasema haijalishi kama baba alikuwa hai siku ile ya 2005. Kinachobaki palepale ni mgawanyo, uuzaji au wosia halali uliokamilika kabla ya tarehe 20 Desemba 2004. Katika mali nyingine yote ya ukoo dada ana haki yake.

Mtasema, "Tulimlipia harusi na mahari, lile ndilo fungu lake." Mahari ya bibi harusi kumlipa bwana harusi imepigwa marufuku India tangu 1961. Hamwezi kulipa deni halali kwa kitu ambacho sheria imekikataza.

Na msidanganyike kwamba alisaini kwa ridhaa. Anasaini kwa kuogopa kwamba akidai, mwakani hatakuwa na mlango wa kugonga akiwa na rakhi yake mkononi. Ananunua ukaribisho katika nyumba aliyozaliwa. Hapo nawalaumu wazazi wenzangu pia, tuliowalea wavulana kupokea na wasichana kusamehe, na wakubwa wa mahekalu wanaozungumza saa nzima juu ya bhadra na hawagusi hati hizi hata kwa sentensi moja.

Yaliyobaki ni mafupi. Bahasha isiwe mbadala wa kufika. Kama uko mbali, piga simu na mzungumze, usitume pesa kimya. Ahadi yako iwe kitu kinachoweza kupimwa: nitalipa ada ya muhula wa pili, nitakupeleka kliniki kila mwezi. "Nitakulinda daima" haina tarehe, na ndiyo maana haidaiwi. Wenye desturi ya Marwari, jamii yenye asili ya Rajasthan, msisahau lumba, rakhi ya mke wa kaka, inafungwa kwenye bangili yake. Rakhi isitupwe jalalani. Wengi huivaa hadi Janmashtami, sikukuu ya kuzaliwa Krishna, siku nane baadaye, kisha huifunga kwenye mti.

Kama dada yako amekwisha kusaini na moyo wako unakusuta, mwanangu, bado kuna njia. Usianze na kesi ya kutengua hati, itakula miaka. Nenda kwa wakili wa huko mali iliko, uandike hati ya kumpa zawadi fungu lile, uisaini mbele ya mashahidi wawili, na isajiliwe. Ushuru wa stempu hutofautiana jimbo kwa jimbo. Uliza kwanza, na uulipe wewe. Nakala iliyosajiliwa mpelekee kwa mkono wako, na usiisubirishe hadi Shravan.