Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Tunaomba chumba chenye mlango

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima zote, hii ni barua yetu ya tatu. Mbili za kwanza ziligongwa muhuri wa kupokelewa, zikaishia hapo. Hii tumeiweka wazi kwa sababu juzi, katika kliniki ya uzazi wanakotibiwa wenye ugumba, mwanamke alipewa majibu ya picha ya mirija ya uzazi akiwa bado kwenye foleni: yote miwili imeziba. Aliikunja karatasi mara mbili, akaambiwa arudi baada ya miezi mitatu, na jina la aliyemfuata likaitwa. Hakuna aliyemuuliza atalala vipi usiku huo.

Uliahidi mshauri nasaha katika kila kliniki ya uzazi. Tunakukumbusha, maana asipokuwepo sisi ndio tunaoyaona machozi.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mtu mzima mmoja kati ya sita hukumbwa na ugumba wakati fulani maishani. Tangu 1993 kuna utafiti ulioonyesha kuwa viwango vya wasiwasi na sonona kwa wanawake wenye ugumba vinakaribiana na vya wagonjwa wa saratani. Mgonjwa wa saratani hutembelewa na kupewa pole. Huyu huulizwa anangoja nini.

Na msiba wake hurudi kila mwezi. Damu ikitoka, ameshafiwa na kitu ambacho hakina jina wala kaburi. Dawa nazo huongeza uzito: klomifeni, dawa ya kuchochea mayai inayomezwa siku tano mwanzoni mwa mzunguko wa hedhi, inaweza kuleta joto la ghafla na hasira zisizo na sababu. Projesteroni, homoni anayopewa baada ya kupandikizwa kiinitete (yai lililorutubishwa nje ya mwili), hujaza matiti na tumbo, dalili zilezile za mimba. Kwa hiyo katika zile wiki karibu mbili za kungoja kipimo cha damu, kila aingiapo chooni anaikagua karatasi asije akaona tone. Asiyeelezwa mapema huamini mwili wake umemdanganya, na wengine huacha matibabu hapo. Maelezo hayo hayazidi dakika tano siku anapokabidhiwa dawa. Nani anayatoa?

Kuna neno linaloumiza kuliko sindano, na linasemwa hata na watumishi wetu: "Punguza mawazo, utashika mimba." Mwaka 2011 tafiti 14 zenye wanawake zaidi ya 3,500 zilichambuliwa pamoja, na msongo wa mawazo kabla ya matibabu haukuonekana kupunguza uwezekano wa kupata mimba katika mzunguko huo wa upandikizaji. Anayemwambia hivyo anamwongezea hatia juu ya huzuni. Mawazo yake yatibiwe kwa sababu yanamuumiza, hata kama mimba haitakuja.

Halafu kuna suala la mume. Katika takriban nusu ya wenzi wenye tatizo hili, upande wa mwanamume unahusika, peke yake au pamoja na wa mke. Kipimo cha mbegu kinahitaji siku 2 hadi 7 bila kumwaga manii, na kikopo kisafi. Hata hivyo mke hupitishwa kwanza kwenye vipimo vya maumivu, miezi na miezi, na mume anapopimwa jina la tasa limeshamganda mkewe. Tunahisi chanzo kimoja ni faili lenyewe: linafunguliwa kwa jina la mke tu, kwa hiyo hakuna anayemdai mume majibu.

Tunachoomba kinafanyika. Dodoso la PHQ-9, la kupima sonona, lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, alama 0 hadi 27. Lijazwe faili linapofunguliwa, kabla ya matibabu, na matibabu yanaposhindikana. Hapo pa tatu ndipo tunapowapoteza: aliyekosa mimba harudi kliniki, lazima apigiwe simu. Akifikisha alama 10, amwone mshauri. Swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru; akijibu kwamba amewahi kuyapata hata siku chache tu, asiondoke kabla ya kuzungumza na mtu siku hiyohiyo. Apimwe pia tezi ya shingo (thairoidi), kwa kuwa ikizorota huvuruga upevukaji wa yai na hisia kwa pamoja. Na aulizwe, akiwa peke yake, kama anapigwa nyumbani. Mume akiwa kiti cha pembeni atajibu kwamba yuko salama.

Swali hilo haliulizwi kwenye foleni, Mheshimiwa. Kama bajeti ya washauri wote haipo mwaka huu, anza na chumba. Kimoja kwa kila kliniki, viti vitatu, mlango unaofungwa, na mtu mmoja aliyefundishwa kusikiliza. Chumba tu, Mheshimiwa Waziri, kabla karatasi nyingine haijakunjwa kwenye foleni.

Wako katika kazi,
Wauguzi na washauri nasaha wa kliniki za uzazi