Mgeni wa meli apewe nafasi ya kukaa barazani

Ndugu Mhariri,

Msimu wa kaskazi meli kubwa za watalii zinapofika Unguja, kosa ni lile lile: mgeni wa siku moja anakimbizwa huku na huku, anarudi melini hajazungumza na mtu ila dereva na papasi, wale vijana wanaowaganda wageni bandarini.

Watembeza wageni tupige hesabu vizuri. Meli inayofika saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi na moja jioni haimpi abiria saa tisa. Ukaguzi na foleni ya kushuka hula saa nzima, pengine zaidi, na kwa kawaida abiria hutakiwa wawe ndani nusu saa hadi saa moja kabla ya kuondoka. Weka na saa moja ya akiba. Zinabaki sita. Msitu wa Jozani ni kama kilomita 35 kutoka mjini. Kwenda, kuwatazama kima punju na kurudi ni saa tatu na ushei. Kisiwani Changuu nako maji yakipwa boti husimama mbali, mtu mzima wa miaka sabini akalazimika kushuka majini, na mchana kaskazi ikivuma kurudi kunachelewa. Tazama bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa sana, kabla ya kuuza safari hiyo.

Mji Mkongwe ni wa miguu. Mizingani, Forodhani, Ngome Kongwe, kisha Mkunazini palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873: saa mbili na nusu zinatosha bila kumchosha mtu. Muda unaobaki mkalishe mgeni kwenye baraza za Jaws Corner, anywe kahawa chungu kwa kashata, asikie wazee wanavyobishana mpira na siasa. Wenyeji wetu ni wakarimu, lakini salamu itangulie kamera. Njiani mfundishe "shikamoo" ya wakubwa, na kwamba akiulizwa "hujambo" ajibu "sijambo". Msiende zaidi ya wanane; kundi la watu thelathini huziba uchochoro na hakuna mzee atakayewasogezea nafasi.

Kahawa hulipiwa kwa shilingi, kwa hiyo abadilishe fedha kidogo mapema, apate noti ndogondogo. Mvalisheni kanga aliyeacha mabega wazi. Meli ikifika Ijumaa, manunuzi yafanywe kabla ya saa sita, maana maduka mengi hufungwa kwa sala.

La hatari kuliko yote ni saa. Ukimwambia mgeni "tukutane saa tisa" kwa kuifasiri neno kwa neno, yeye ataelewa saa tatu usiku, wakati meli imeshaondoka. Mwandikie 15:00 kwenye karatasi, kisha mlinganishe saa zenu, kwani baadhi ya meli hazibadilishi saa zao kufuata za bandari. Aliyetoka peke yake bila msafara wa meli hasubiriwi.

Mpenda Mji Mkongwe,
Vuga, Unguja