Lile swali lako la intaneti

Shabani kaka,

Mambo vipi huko Mwanza, shemeji na watoto hawajambo? Mi mzima, joto la Dar tu ndo linatumaliza. Siku ile uliniuliza "hivi intaneti mwenyewe nani", nikacheka nikasema ntakuandikia, haya nimekaa sasa.

Unakumbuka ile Jumapili ya mwezi wa tano 2024 mtandao ulivyozingua? Mikongo miwili ya chini ya bahari ilikatika upande wa Afrika Kusini, huku kwetu tukabaki tunahangaika. Mi nilikuwa namtumia mteja faili, linapanda kama konokono, nikapitiwa na usingizi hapo hapo mezani. Asubuhi nakuta limefika lote, halina hata tundu. Nikajiuliza limepita wapi sasa!

Kumbe faili haliendi zima. Linakatwakatwa vipande vidogo, kila kipande kinaandikwa kinakoenda, njia kitajua hukohuko. Ni kama unahama Kimara kwenda Mbagala kwa bodaboda, godoro limepita Mandela Road, sufuria zimepita Kariakoo, we uko Mbagala unahesabu, ukiona meza haijafika unapiga simu iletwe tena (hapo tu mfano unakufa, maana kompyuta inatuma nakala, meza ikipotea imepotea). Wazo hilo walilipata watu wawili miaka ya 60, kila mtu kivyake, Donald Davies Uingereza na Paul Baran Marekani. Baran ndo alikuwa anawaza mawasiliano yatapona vipi bomu la nyuklia likipigwa, sasa watu wamechukua hiyo wanasema intaneti yote ilitengenezwa kwa ajili ya vita, hapana bwana. ARPANET, ule mtandao wa kompyuta wa Marekani uliozaa intaneti, ilikuwa hela ya jeshi kweli, ila shida yao ilikuwa kompyuta ni ghali mno, wakataka watafiti wa sehemu mbalimbali wazitumie kwa pamoja. Meseji ya kwanza, 29 Oktoba 1969, jamaa yuko UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, anataka kuandika LOGIN kwenda kwenye mashine ya taasisi ya utafiti ya Stanford, ikafika L, ikafika O, mfumo ukazima. Yaani kuzingua kulianza siku ya kwanza!

Ila wanaonikosha mimi ni Vint Cerf na Bob Kahn, 1974. Kulikuwa na mitandao ya waya, ya redio, ya setilaiti, haielewani kabisa, wao wakasema kila mtu abaki na wake, mpakani tuweke mashine ya kupokea na kupitisha tu, isipekue kilichomo. Akili ikae kwenye ncha, kwako na kwangu, katikati pawe pajinga. 1 Januari 1983 ARPANET nzima ikahamia kwenye utaratibu huo wao. Ndo maana Tim Berners-Lee alivyoleta webu hakwenda kuwapigia magoti wenye nyaya, mkongo haujui kama umebeba sauti yako au video ya harusi.

Kwa hiyo mwenyewe hayupo, kila mtu ana kipande chake. Ila kuna kitu kimoja kinaniuma kaka, kipande kinatafuta njia nyingine pale tu njia ipo, na Jumapili ile zilizobaki zilikuwa chache zikabebeshwa mzigo wa wote. Cerf na Kahn hawakutulazia mikongo, hiyo ni hela.

Haya, nitumie basi picha za ule mtumbwi, hata zikipiga foleni njiani si unajua zitafika tu.

Wako yuleyule wa Kimara