Trasti ya "milele" inaweza kuwaponza watoto

Mhariri, habari za kazi. Naandika toka Ujiji hapa Kigoma, babu yetu alifunga nyumba yake kwenye trasti, yaani mpango wa kisheria ambapo mtu anashika mali kwa ajili ya wengine, karatasi bado ipo kwenye mkebe wa biskuti na alama ya dole gumba lake, imeandikwa nyumba isiuzwe mpaka apatikane kitukuu wa kwanza atakayefikisha miaka 30 ndio akabidhiwe. Sasa wakili katuambia kwa sheria ya Kiingereza, ile iliyoanzia kesi ya Duke of Norfolk mwaka 1682, mali haiwezi kumngoja mtu bila kikomo, lazima ijulikane ya nani ndani ya miaka 21 tangu afe mtu aliyekuwa hai trasti ilipoanza, na kwa kanuni ya zamani hata pakiwa na uwezekano mdogo tu wa kupitiliza, kipengele kinakufa palepale. Waingereza wenyewe wameshalegeza, tangu 2010 trasti mpya zinapewa miaka 125, ila sheria zao tulizorithi Tanganyika ni za hadi 22 Julai 1920, kwa hiyo kulegeza huko hakutufikii na kipengele cha babu kinaweza kufa! Iliniuma sana jamani, mzee alitaka tu vitukuu wasikose pa kulala. Naomba gazeti lilieleze hili kwa Kiswahili chepesi, kabla wazee wengine hawajaweka dole.

Mjukuu, Ujiji