Gamba la kobe halitaki mafuta, linataka jua

Watu wengi wakija hapa dukani kwetu Malindi, tunapouza dawa za mifugo, na habari ya kobe huuliza kitu kimoja, nimpake mafuta gani gamba ling'ae? Na wengi washaanza kupaka, ya nazi, ya simsim, kuna na wa vanishi ile ya milango, na anayefanya hivi anafanya kwa mapenzi kabisa, anaona gamba limepauka adhani limekauka. Jibu letu ni moja, usipake kitu. Gamba la kobe ni mfupa, tena mfupa ulio hai, una damu na mishipa ya fahamu, mbavu na uti wa mgongo zimeungana nalo humo ndani, na juu yake ndio zile pande ngumu ambazo zimeumbwa kwa kitu kilekile cha kucha zako. Ukimkwaruza gamba anasikia. Sasa mafuta yakikaa pale yanashika vumbi na mchanga, uchafu unajikusanya kwenye mistari ya kati ya pande na hapo ndio vidudu vinapata makao, vanishi na rangi ndio usiseme. Gamba likiwa chafu chukua maji matamu na mswaki laini, msugue polepole, mkaushe, basi. Na ukiona mistari meupe kati ya pande usishtuke ukadhani ni ugonjwa, kama ni pagumu na hapanuki basi kobe wako anakua.

Lingine ni hili la kutoboa tundu pembeni ya gamba afungwe kamba asitoroke. Tafadhali tuliache jamani. Unatoboa mfupa wa mnyama hai bila ganzi na lile tundu linakuwa njia ya uchafu kuingia ndani. Kama anatoroka mjengee kizuizi cha mawe yetu haya ya matumbawe, urefu wa goti watosha, ila usitumie waya wa wavu manake akiona upande wa pili atasukuma na kichwa kutwa nzima hadi ajiumize.

Gamba zuri linajengwa kutoka ndani, na vifaa vyake ni kalsiamu na jua. Kobe akipata jua mwilini ndio anatengeneza vitamini D, na bila vitamini D hata umpe kalsiamu ya namna gani mwili hauishiki. Jua la kupitia kioo cha dirisha halimfai, ile miale anayoihitaji inazuiwa na kioo, kwa hivyo kobe anayefugwa sebuleni kwenye vigae karibu na dirisha anapata joto tu. Mtoe nje asubuhi, kuanzia saa moja hivi mpaka saa nne, na kila wakati awe na kivuli cha kukimbilia, hasa miezi ya kaskazi, kwa sababu kobe aliyepinduka mgongo chini juani anaweza kufa kwa joto kabla hujarudi kutoka sokoni. Anayekosa kalsiamu na jua gamba huwa laini, ukibonyeza linabonyea, miguu inakosa nguvu. Kwa kitoto kichanga ulaini kidogo ni kawaida lakini kobe mkubwa gamba likibonyea huyo ni mgonjwa, mlete.

Chakula sasa. Hapa ndio tunagombana na wateja wetu, kwa heri lakini. Ugali, mkate, wali, maziwa, nyama, chakula cha mbwa, vyote hivyo si vya kobe. Huyu kobe wetu wa madoa, ambaye ndio wengi wanamjua huku, kazi yake ni kula nyasi. Mpe nyasi kwa wingi, majani na maua ya haibiskasi ambayo kila ua la nyumba Malindi liko nayo, na mpungate ukitoa miiba. Mchicha na spinachi usimpe kila siku kwa sababu zina kitu kinachoshikana na kalsiamu isitumike mwilini. Matunda kidogo sana. Kalsiamu yenyewe wala huna haja ya kununua kwetu, tembea ufuoni uokote ule mfupa mweupe mwepesi wa dome, yule wa jamii ya pweza, unaoletwa na mawimbi, uroweke kwenye maji matamu siku kadhaa ukibadilisha maji mpaka chumvi itoke, uanike ukauke vizuri, halafu muwekee autafune mwenyewe anapotaka. Maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa pia yanafaa. Maji ya kunywa yawe matamu, visima vyetu vingi vina chumvi, kwa hivyo mwekee ya mfereji kwenye sahani pana isiyo na kina.

Kuna wale ambao gamba limeota vilima, kila pande imeinuka juu. Zamani lawama zote zilikuwa za chakula chenye protini nyingi, lakini utafiti uliochapishwa 2003 kwa kobe wadogo wa aina ya sulcata, wale wa pembezoni mwa Sahara, ulionyesha ukavu wa hewa ndio unachangia zaidi. Nje huku pwani unyevu tunao, shida ni kitoto cha kobe kinacholelewa chumbani kwenye feni au eisii usiku na mchana. Kiogeshe kwenye beseni la maji ya vuguvugu yasiyozidi kidevu, robo saa hivi, mara kadhaa kwa wiki. Vilima vikishaota havishuki, unachoweza ni kuzuia visizidi.

Dalili za gamba kuoza ni harufu mbaya, doa laini, maji au damu chini ya pande, au pande kubanduka. Msafishe na ile ayodini ya vidonda uliyoichanganya na maji mpaka ionekane kama chai ya rangi, mweke pakavu, na umlete siku hiyohiyo. Akikanyagwa na gari au kung'atwa na mbwa gamba likapasuka, funika kwa kitambaa safi, mkinge na nzi, usimwage gundi ya supagluu kwenye ufa kwa sababu unafungia uchafu ndani, na mfupa huu unapona wenyewe ukitunzwa ingawa ni kwa miezi mingi.

Na hili nawaomba mlishike kuliko yote. IVERMECTIN YA MBUZI USIMPE KOBE. Tunauza ivermectin, ni dawa nzuri ya mbuzi na ng'ombe, lakini kwa kobe ni sumu, inampooza na inaua. Kama ana kupe mlete tumtoe mmoja mmoja na kibanio, na dawa ya kuogeshea ng'ombe pia usimpake.

Sisi hatuuzi kobe na hatununui. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka uwe na kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ndio umfuge, kwa hivyo ukimkuta shambani mwache apite zake, na kama yuko nyumbani bila karatasi nenda ukaongee na KWS wakuelekeze. Mfikirie na umri wake pia. Yule kiboko Owen aliyeokolewa hapa kwetu Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004 alipelekwa bustani ya wanyama ya Haller Park Mombasa akafanya urafiki na kobe mkubwa wa aina ya Aldabra, wale wa visiwa vya Ushelisheli, aitwaye Mzee, na Mzee wakati huo alikadiriwa kuwa na miaka kama 130. Wa madoa hafiki huko lakini miongo kadhaa anaishi, kwa hivyo amua pamoja na wanao.

Ukija kwetu mlete kwenye katoni yenye matundu na gazeti chini, usimfunge kwenye mfuko wa plastiki. Njoo na picha za mahali anapolala na za chakula cha wiki nzima, maana mara nyingi tatizo tunalikuta kwenye hizo picha. Tunampima uzito, tunakagua gamba juu na chini, na kama anahitaji eksirei au upasuaji tunakuelekeza kwa daktari wa mifugo anayewajua kobe. Watoto waliomshika wanawe mikono na sabuni, kobe hubeba salmonela hata akiwa mzima.