Usifunge mlango kwa ndani

Mwanangu,

Nakuandikia kwa sababu kwa simu umenishinda. Nikipiga mara ya kwanza, "niko salama, mama." Mara ya pili, "si nimeshakwambia niko salama?" Mara ya tatu hupokei. Barua haikatwi. Ila usiisome mwenyewe, mpe huyo mwenzako wa chumba cha pili akusomee. Kichwa kilichogongwa kinataka kuepushwa na mwanga wa simu siku hizi mbili za mwanzo. Na wewe unayesoma, wewe pia ni mwanangu leo, usiruke mistari.

Ya kuanguka kwenye ngazi ukibadilisha balbu nimeyasikia kwa dada yako. Ninalouliza ni moja tu: usiku huu unalala na nani?

Unasema hukuzirai, hukutapika, ni nundu tu kisogoni, na hospitali wamekutazama wakakuruhusu. Nashukuru. Lakini hawakukuruhusu uende ukajifungie. Karatasi waliyokupa umeifanya nini? Dada yako anasema kwenye picha uliyomtumia ameiona mezani, umeiwekea kikombe juu. Unalalamika kwamba hawakukupiga picha ya kichwa. Nimemuuliza daktari wangu, anasema si kila nundu inahitaji picha. Mtikisiko wa ubongo wenyewe hauonekani humo. Kinachotafutwa ni damu iliyovuja au ufa kwenye fuvu. Kama dalili zako hazikuwatia shaka, basi dawa iliyobaki ni macho ya mtu. Ndiyo maana nauliza ni macho ya nani.

Mtu anaweza kuanguka, akainuka, akacheka na wenzake, kumbe damu inavuja polepole ndani ya fuvu. Machi 2009 yule mwigizaji wa Uingereza, Natasha Richardson, alianguka akijifunza kuteleza kwenye theluji huko Kanada. Hakuwa na kofia ngumu. Akainuka, akafanya mzaha, gari la wagonjwa lililokuja likarudishwa. Siku mbili baadaye alikuwa amefariki, mtu wa miaka 45. Sikuandikii haya ili kukutisha. Haya, nakuandikia ili kukutisha. Najua wengi mno wanaogonga kichwa kama wewe hupona bila lolote, lakini hao wachache hakuna awajuaye mapema, wala wao wenyewe hawajijui. Ubongo uliogongwa ndio huohuo unaoulizwa kama uko sawa. Utajibu nini? Saa 24 za mwanzo lazima awepo mtu, na zikifika 48 nitapumua.

Kulala, lala. Zamani tuliambiwa aliyegonga kichwa asiachwe asinzie, nami niliamini kupita kiasi. Kuna usiku mmoja unaukumbuka, siuelezi. Ambacho sikukwambia ni maneno ya daktari asubuhi yake: kwamba mtoto alikuwa anahitaji usingizi wake, na aliyehitaji kutulizwa alikuwa mama.

Kwa hiyo wewe msomaji, usimwamshe kila saa kama nilivyofanya mimi. Mtazame kabla hujalala, na ukiamka usiku mtazame tena. Anapumua kama kawaida? Ukimgusa anageuka? Akikutukana kwa kumsumbua, ni mzima huyo. Lakini ukimwamsha asiamke, au akiamka hajui alipo, usingoje kupambazuke. Vilevile kichwa kikizidi kuuma hata baada ya dawa, akitapika tena na tena, akiongea kama mlevi, mkono au mguu ukilegea, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, akipata mshtuko wa mwili kama wa kifafa, au maji yasiyo na rangi au damu vikimtoka puani au sikioni. Lolote kati ya hayo, hospitali kwanza. Mimi nipigiwe mkiwa njiani.

Dawa ya maumivu ni parasetamoli. Aspirini na ibuprofeni ziache kwa sasa, zinaweza kuongeza kuvuja kwa damu. Vidonge vya usingizi usiguse, na ile chupa mnayodhani siijui ibaki na kizibo chake. Barafu uifunge kwenye kitambaa, robo saa hivi, kisha uiondoe. Pikipiki usipande mpaka kichwa kiwe chepesi kabisa, na mpira usahau kwa wiki tatu angalau. Nakujua, ya mpira ndiyo itakayokuuma kuliko nundu. Ukipigwa tena kichwani kabla ya hili la kwanza kupoa, la pili ndilo baya zaidi.

Usidhani sikujivuna niliposikia ulipanda kumbadilishia balbu yule mzee asiyeweza kupanda. Nilijivuna, nikamsimulia kila aliyepita mlangoni. Lakini ngazi hushikwa chini na mtu, nawe hukumwomba yeyote ashike kwa sababu hupendi kuomba. Tabia hiyo sijui umeirithi wapi.

Hapa nyumbani bomba la jikoni bado linavuja, tumelifunga kitambaa. Paka amezaa watatu chini ya cherehani, kwa hiyo kushona kumesimama, na lile shati lako litasubiri. Dada yako amenunua zulia la mpira la bafuni. Utamuuliza la nini, naye atakwambia, kwa hiyo bora nikwambie mwenyewe: niliteleza mwezi uliopita. Niligonga kichwa kidogo tu. Sikwenda popote, na yeye nilimkataza asikueleze. Leo nilipokwenda kuuliza habari zako, daktari akaniuliza kama mimi sijaanguka karibuni. Nilichelewa kujibu, akaelewa. Alifoka. Anasema kwa umri wangu, na hivi vidonge vya asubuhi vya kuzuia damu kuganda, damu inaweza kuvuja kidogo kidogo ikaonekana baada ya wiki kadhaa. Mimi ndiye niliyepaswa kupigwa picha, na dada yako ananipeleka kesho. Kichwa hakiniumi. Usianze kunipigia simu kila saa, nikikwambia niko salama, niko salama.

Naoga mlango ukiwa umerudishwa tu, haukufungwa, dada yako yuko nje anaimba ili nijue yupo. Aibu ya kuoga hivyo naijua. Na wewe usifunge wako kwa ndani.

Hujajibu swali langu. Safari hii usijibu wewe, aniandikie huyo anayesoma: kitanda chake amekihamishia humo, au bado?

Mama yako