Mtangazaji wa Redio Mmemwondoa, Ada Mmeiacha Palepale

Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Matangazo ya Michezo,
Kanada.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MATANGAZO YA SAUTI YA HOKI YA BARAFU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa kifurushi cha sauti. Ninaishi katika mji mmoja wa nyanda za magharibi mwa Kanada na kazi yangu ni kuendesha lori la mizigo usiku. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ukurasa wenu wa wateja unaeleza kwamba malalamiko yanapokelewa kwa lugha yoyote, na jambo lenyewe linahitaji maelezo ya kutosha.

Tangu msimu huu uanze, mmemwondoa mtangazaji wa redio aliyekuwa akitutangazia mechi za timu ya mji wetu, na badala yake mnaturushia sauti ileile inayotoka kwenye televisheni. Hamkututaarifu. Ada ya mwezi imebaki ileile, na jina la kifurushi halikubadilika. Bado mnakiita matangazo ya redio, ilhali hakuna redio yoyote ndani yake.

Naomba nieleze kwa nini mabadiliko haya, ambayo huenda ofisini kwenu yalionekana kuwa njia nyepesi ya kubana matumizi, yameharibu kabisa huduma tunayoilipia. Uwanja wa hoki ya barafu una urefu wa takriban mita 61 na upana wa mita 26, na ndani yake wachezaji 12, wakiwemo makipa wawili, wanakifukuzia kisahani cha mpira ambacho upana wake haufiki hata sentimita 8. Shuti kali linaweza kukipeleka kisahani hicho kwa mwendo unaozidi kilomita 160 kwa saa. Wachezaji hawakai uwanjani muda mrefu. Hutoka na kuingia kwa zamu fupi zisizofika dakika moja, mara nyingi mchezo ukiendelea bila filimbi, kiasi kwamba mtu aliyekuwa na kisahani sasa hivi anaweza kuwa ameshakaa benchi kabla hujamaliza kunywa chai yako. Asiyeona uwanja hawezi kuufuata mchezo wa namna hii asipoambiwa kila mara nani ana kisahani, yuko upande gani wa mstari wa buluu unaotenga eneo la kushambulia, anaelekea wapi, na zimebaki dakika ngapi. Mtangazaji wa redio analijua hilo, na ndiyo kazi aliyofunzwa. Mtangazaji wa televisheni naye amefunzwa kinyume chake: anyamaze picha inapojieleza yenyewe. Simlaumu hata kidogo, kwa sababu yeye anawahudumia wenye macho kwenye skrini. Aliyekosea ni yule aliyeamua kwamba sauti yake inatufaa na sisi tuliopo barabarani.

Mfano ni mechi moja ya ugenini ya mwezi uliopita. Kipindi cha tatu kilikuwa kinakaribia kwisha, matokeo yakiwa sare ya 2–2, na wenyeji walikuwa pungufu baada ya mchezaji wao mmoja kutolewa kwa adhabu ya dakika 2. Sisi ndio tuliokuwa na mtu wa ziada, na hapo ndipo shabiki yeyote hupandwa na presha. Nilimsikia mtangazaji akisema, "Anatazama, bado anatazama… loo, umeiona hiyo?" Mchambuzi akacheka na kusema kwamba angependa kuiona tena. Kikafuata kimya. Zikasikika chuma za viatu zikikwaruza barafu, gongo likapiga mara moja, watu wakapiga kelele, kisha honi ikalia. Honi ya uwanjani huwalilia wenyeji wanapofunga, kwa hiyo niliweza kukisia kwamba tumefungwa na timu iliyokuwa pungufu, jambo ambalo si la kila siku. Nani kafunga? Nani alipokonywa kisahani? Mtangazaji alisema haamini alichokiona, na mchambuzi akatuelekeza tutazame kona ya juu ya skrini. Mimi nilikuwa natazama taa za nyuma za lori lililokuwa mbele yangu. Jina la mfungaji lilitajwa baada ya marudio ya picha kwisha, na kabla hatujaelezwa bao liliingiaje, tukaanza kusomewa viwango vya kubeti.

Kuhusu kubeti nitasema kwa ufupi. Nafahamu kwamba tangu Agosti 2021, Kanada iliporuhusu kubeti mechi moja moja, matangazo ya namna hiyo yamekuwa chanzo cha mapato kwa kampuni kama yenu, na sina nguvu ya kuyazuia. Lakini yapo mapumziko mawili kati ya vipindi vitatu, yapo na mapumziko ya matangazo ya biashara ndani ya kila kipindi. Wekeni viwango vyenu humo. Kuvisoma wakati kisahani kiko mchezoni ni kumnyang'anya msikilizaji sehemu ya mechi aliyoilipia.

Nilipopiga simu mara ya kwanza, mhudumu wenu, kwa lugha ya heshima kabisa, aliniuliza kama labda mchezo huu bado ni mgeni kwangu na ndiyo maana nashindwa kuufuata. Swali hilo linastahili jibu. Nimekulia Afrika Mashariki, ambako vizazi kadhaa vimeujua mpira kwa kusikiliza redio. Sauti ya marehemu Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji wa redio wa Kenya aliyefariki Februari 2025, iliwafanya watu waliokaa mbali kabisa na uwanja wamfuate winga akikimbia pembeni mpaka anapiga krosi. Hoki nayo nilijifunza kwa masikio, kupitia mtangazaji yuleyule mliyemwondoa. Yeye ndiye aliyenifanya nielewe sheria ya kuotea kwenye mstari wa buluu, kwa sababu hakuwahi kusema tu kwamba filimbi imepigwa; alisema nani alitangulia kuvuka kabla ya kisahani. Tena, kama mhudumu wenu anashangaa mtu wa kwetu anatafuta nini kwenye barafu, ajue kwamba Nairobi ina timu, Kenya Ice Lions, iliyozoea kufanya mazoezi kwenye barafu ya hotelini, na mwaka 2018 wachezaji wake walikuja hapahapa Kanada wakacheza pamoja na nyota wa hoki Sidney Crosby na Nathan MacKinnon.

Ninayoyadai si mageni katika mchezo huu. Utangazaji wa hoki ulizaliwa redioni, hapahapa nchini mwenu. Machi 1923, Foster Hewitt alitangaza mechi jijini Toronto kwa kutumia simu, akiwa amebanana ndani ya kibanda cha kioo kilichokuwa kikijaa ukungu wa pumzi zake. Uwanja wa Maple Leaf Gardens ulipofunguliwa mwaka 1931, alijengewa kibanda chake juu kabisa karibu na paa ili aone barafu yote. Walifanya hivyo kwa sababu walijua kwamba msikilizaji hana macho mengine zaidi ya yale ya mtangazaji. Bob Cole wa St. John's, Newfoundland, ambaye mashabiki wengi wa hapa wanamtaja kabla ya mwingine yeyote, alianza na redio mwaka 1969 ndipo akahamia televisheni mwaka 1973, na hata huko hakuiacha ile tabia ya kupandisha sauti kadiri hatari inavyokaribia lango. Ungeweza kuwa jikoni unaosha vyombo na ukajua saa ya kukimbilia sebuleni. Alistaafu Aprili 2019 na kufariki Aprili 2024 akiwa na umri wa miaka 90.

Yupo pia Jim Robson wa Vancouver. Katika matangazo yake alikuwa na desturi ya kuwasalimu kwa namna ya pekee wagonjwa waliolazwa, wazee wasiotoka nyumbani na watu wasioona. Hilo halikuwa pambo. Katika jengo ninaloishi yupo mzee wetu mmoja kutoka Bukavu ambaye haoni, na kwa muda mrefu amekuwa mteja wenu kama mimi. Alikuwa akiwajua wachezaji wote wa timu yetu, hata wale wa kundi la nne la washambuliaji wanaoingia dakika chache tu, na alibishana nasi kuhusu nani apewe nafasi wakati wa mtu wa ziada. Msimu huu anatuuliza sisi matokeo asubuhi. Naomba mlifikirie jambo hili mnapohesabu mlichookoa kwa kuunganisha sauti mbili kuwa moja.

Huenda mkajibu kwamba mashabiki hatuna kauli moja kuhusu watangazaji, na kwamba kila mtangazaji ana wanaompenda na wanaomchukia. Ni kweli. Bohari ninakopakia mizigo hatujawahi kukubaliana. Mwenzangu mmoja anataka mtangazaji asiyeegemea upande wowote, na mfano wake ni Mike Emrick wa televisheni ya Marekani, aliyestaafu mwaka 2020 na aliyesifika kwa wingi wa vitenzi alivyotumia kueleza kisahani kimetokaje kwa huyu kikamfikia yule. Mwingine anasema mtangazaji asiyeumia timu yake inapofungwa hana faida, na huyo humsifu Rick Jeanneret, aliyewatangazia watu wa Buffalo tangu mwaka 1971 hadi 2022 kwa mayowe ambayo wapinzani waliyaona kero na wenyeji wakayakariri. Wapo wasiotaka mchambuzi kabisa. Wapo wanaomvumilia mchambuzi mradi asiongee kisahani kikiwa karibu na lango. Mimi binafsi upendeleo haunisumbui; mtangazaji wa mji wangu na ashangilie mpaka akaukiwe na koo, ilimradi aniambie kwanza nani amefunga na kwa pasi ya nani. Lakini katika mabishano yetu yote sijamsikia hata mmoja akisema kwamba anapendelea kuambiwa atazame skrini asiyokuwa nayo.

Jambo jingine linalohusiana na hili ni kwamba, kwa jinsi ninavyosikia, katika mechi kadhaa za ugenini watangazaji wenu hawapo uwanjani. Wanakaa studio na kutangaza kwa kutazama picha. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, mechi za mchujo zilipofungiwa Toronto na Edmonton bila watazamaji, watangazaji wengi walilazimika kufanya hivyo, nasi tuliwaelewa. Dharura ile imekwisha. Mtu anayetegemea kamera haoni mabadiliko ya wachezaji yanayofanyika nyuma ya mchezo, wala haoni mwamuzi aliyeinua mkono kuashiria adhabu inayosubiri kisahani kiguswe, mpaka mpiga picha aamue kumwonyesha. Anachelewa, na sisi tunachelewa mara mbili.

Wala msiseme kwamba sauti pekee haina soko siku hizi. Matangazo ya hoki kwa Kipunjabi yalianza hapa Kanada mwaka 2008, na katika fainali ya mwaka 2016 mtangazaji Harnarayan Singh aliita jina la mfungaji Nick Bonino wa klabu ya Pittsburgh kwa kulirudiarudia na kulivuta hivi kwamba watu wasiojua neno hata moja la Kipunjabi walilisambaza, na baadaye klabu ikawaalika watangazaji hao kwenye sherehe ya ubingwa. Watu walichokipenda pale ni sauti ya mtu aliyekuwa ndani ya mchezo.

Kabla ya barua hii nimekwisha kutumia fomu yenu ya mtandaoni. Jibu lililokuja lilinishukuru kwa maoni yangu yenye thamani, kisha likaniambatanishia maelekezo ya namna ya kuongeza sauti ya simu.

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo. Kwanza, mtangazaji wa redio arejeshwe kwenye kifurushi cha sauti, awe yule wa awali au mwingine mwenye ujuzi huo, na awe uwanjani angalau kwa mechi za nyumbani. Mpaka hilo litakapofanyika, kifurushi kiitwe kwa jina lake halisi, yaani sauti ya televisheni, ili mteja mpya ajue anachonunua, na sisi tuliokwisha kulipa turudishiwe sehemu ya ada kuanzia mechi ya kwanza ya msimu huu. Viwango vya kubeti visomwe wakati wa mapumziko tu. Tena naomba barua hii ijibiwe na mtu, kwa maandishi, ndani ya siku 30, akieleza ni nani aliyeidhinisha mabadiliko haya na kwa nini wateja hatukuarifiwa.

Nisipopata jibu katika muda huo nitasitisha malipo yangu na kuliwasilisha suala hili kwenye ofisi ya serikali ya jimbo inayoshughulikia haki za wateja, nikiambatanisha stakabadhi za malipo pamoja na tangazo lenu la biashara ambalo, hadi leo ninapoandika, bado linaahidi kwamba msikilizaji hatapitwa na pasi hata moja.

Wenu katika kusubiri majibu,

Mteja wa kifurushi cha sauti

Nakala: Mkuu wa Kitengo cha Matangazo ya Hoki